Martin Luther na Faraja ya Ndugu

Wengi wamjua Martin Luther kuwa shujaa, aliyesimama mbele ya Kaisari Karl V mjini Worms mwaka 1521, akakataa kuyakana maandiko yake. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa shujaa huyo alishikwa mara nyingi na huzuni nzito ya roho, hata akaona kana kwamba Mungu amemtupa. Twapenda kusimulia jinsi alivyoinuliwa.

Luther alizaliwa Eisleben, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Mwaka 1505 akaingia nyumba ya watawa mjini Erfurt. Huko alifunga, akakesha, akaungama kwa saa nyingi, wala moyo wake haukupata raha. Ndipo Johann von Staupitz, mkubwa wa watawa wale, akamsikiliza kwa uvumilivu, akamfundisha aache kujitazama nafsi yake, amtazame Kristo aliyejeruhiwa kwa ajili yake. Hivyo faraja ilimfikia kwa kinywa cha mwenzake.

Miaka ikapita, Luther akawa mwalimu mkuu mjini Wittenberg, akamwoa Katharina von Bora mwaka 1525. Hata hivyo majaribu hayakukoma. Tarehe 6 Julai 1527 yalimjia kwa nguvu nyingi. Asubuhi akamwita mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, akaungama kwake. Jioni mwili nao ukaishiwa nguvu, akazimia. Rafiki yake Justus Jonas alikuwapo kumsaidia. Muda si mrefu tauni ikaingia mjini. Chuo kikahamishiwa Jena, lakini Luther na Bugenhagen wakabaki kuwatunza watu. Nyumba ya Luther ikajaa wagonjwa, na Bugenhagen akahamia humo pamoja na jamaa yake, wakafarijiana katika hatari ile.

Aliyopokea, Luther aliwapa wengine. Mwaka 1530 alimwandikia kijana Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake, aliyelemewa na huzuni. Alimwonya asikae peke yake, bali atafute watu, azungumze nao, acheze na kucheka. Tena katika Makala za Schmalkalden, zilizopigwa chapa mwaka 1538, aliyataja mazungumzo na faraja ya ndugu kuwa njia mojawapo ambayo Injili hutusaidia, pamoja na mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana na ondoleo la dhambi.

Mwaka 1542 binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, alikufa mikononi mwake. Luther alilia sana, wala hakuficha machozi yake. Naye hakuliacha tumaini la ufufuo. Yeye mwenyewe alifariki Eisleben, tarehe 18 Februari 1546, rafiki zake wakiwa kando ya kitanda.

Basi, ndugu, wako kwetu wafiwa na wenye moyo mzito wanaojificha, wakidhani huzuni ni alama ya kukosa imani. Tukumbuke ya kuwa aliyefundisha kwamba twahesabiwa haki kwa imani tu hakuibeba huzuni yake peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ninyi walimu, wakusanyeni watu wachache wachache nyumbani, wasikilizane pasipo kulaumiana, wasomeane Neno, waombeane. Na aliyelemewa asingoje kuulizwa. Amwite ndugu yake, kama Luther alivyomwita Bugenhagen asubuhi ile.