Mama Josephine Butler na Mabinti wa Liverpool

Sisi wa Kamanyola, watu wa mpakani, tunajua: msichana akishaitwa malaya, hata jirani hamsalimu. Basi tuwasimulie habari za mama mmoja wa Uingereza.

Josephine alizaliwa mwaka 1828, akaolewa na George Butler, mwalimu na mchungaji. Mwaka 1864 binti yao wa pekee, Eva, alianguka nyumbani akafa, akiwa bado mtoto mdogo. Walipohamia Liverpool mwaka 1866, mama huyu aliyefiwa akatafuta wenye huzuni kumpita yeye. Aliwakuta katika nyumba ya maskini, wakichambua kamba kuukuu ili wapate chakula. Hakusimama mlangoni kuwahubiria. Aliketi chini akachambua nao, wakamcheka kwa vidole vyake visivyojua kazi, kisha wakasali pamoja.

Msichana mmoja, mgonjwa wa kifua kikuu, alimpeleka nyumbani kwake akamwuguza mpaka kufa. Wengine wakafuata, nyumba ikajaa. Marafiki wakachanga, ikafunguliwa nyumba ya kushona na kutengeneza bahasha. Maana sala bila kazi ya mikono, tumeona wenyewe, msichana hurudi barabarani.

Tangu mwaka 1869 alipinga sheria zilizolazimisha wanawake kupimwa, huku wanaume hawaulizwi neno. Zilifutwa mwaka 1886. Mama Josephine alilala tarehe 30 Desemba 1906.