Bwana Wray wa Sagalla

Jina la Joseph Alfred Wray, Mwingereza wa misheni ya C.M.S., si geni kwa wazee wetu. Alifika Sagalla, mlima uliosimama juu ya Voi, mwaka 1883, reli ikiwa bado. Hakupokewa kwa furaha. Mvua ilipokataa kunyesha, wengine walimshuku kuwa yeye ndiye aliyeizuia.

Njaa ya mwaka 1884 iliua watu wengi, na wengine wakayaacha makao yao. Mwaka 1885 Askofu Hannington alipanda Taita, akaiona hali ile, akaamuru kituo kifungwe kwa muda na watu wa misheni wahamishiwe Rabai, ambako watumwa waliotoroka walikuwa wamekwisha kupewa hifadhi. Sisi tulio katika kazi ya kuwagawia wenye dhiki posho twajua uzito wa kuwatembeza wenye njaa siku kadhaa nyikani. Tena twajua uchungu wa kuchagua, kwa maana hawakuchukuliwa wote.

Baadaye Wray alirudi Sagalla. Aliitungia lugha ya Kitaita kitabu cha mafunzo, kilichochapwa mwaka 1894, na makumbusho ya Sagalla yameitwa kwa jina lake.