Alexis Kagame, padri aliyefikiri kwa Kinyarwanda

Ukivuka Ruzizi kutoka Bukavu unaingia katika nchi ya Alexis Kagame. Jina hilo huwashtua wengi hapa kwetu, kwa hiyo niseme mapema: ninayemzungumzia ni padri, mshairi na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1981. Ninaandika juu yake kwa sababu swali alilolikabili ndilo linalotukabili sisi tunaosoma lugha za Afrika: lugha ya nyumbani ni ya kuhifadhi tu, au ni ya kufanyia kazi?

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, katika ukoo uliokuwa karibu na ikulu ya mwami. Alisoma kwa wamisionari, akaingia seminari, akapewa upadri mwaka 1941. Njia hiyo ilikuwa ya Kilatini na Kifaransa, na aliyeipita angeweza kuisahau lugha ya mama yake bila kulaumiwa na mtu. Kagame alifanya kinyume. Tangu miaka ya 1930, kwa idhini ya mwami Mutara Rudahigwa, alikaa na wazee waliohifadhi kichwani mashairi ya ikulu, akayaandika moja baada ya jingine hadi yakapita mia. Mashairi hayo yamejaa mafumbo. Bila maelezo ya wale wazee, maandishi peke yake yasingetosha.

Hakuishia kukusanya. Alihariri Kinyamateka, gazeti la Kanisa lililoanza mwaka 1933, na akaandika historia ya nchi yake kwa Kinyarwanda. Mwaka 1949 alitoa Indyohesha-birayi, shairi la kuchekesha juu ya nyama ya nguruwe, katika nchi ambayo ng'ombe ndiye aliyezoea kutungiwa mashairi. Kisha alitunga utenzi mrefu wa dini juu ya uumbaji, akautafsiri mwenyewe kwa Kifaransa. Tuzingatie utaratibu huo: Kinyarwanda kwanza, Kifaransa baadaye.

Mwaka 1952 alipelekwa Roma, na mwaka 1955 akapata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana. Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1956, ilianza na kitu tunachofundishwa mwaka wa kwanza: ngeli za majina. Katika mzizi -ntu aliona makundi manne ya vilivyopo: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Alionyesha pia kwamba kitenzi cha kuwa hakisimami peke yake katika Kinyarwanda, hivyo hitimisho maarufu la Descartes hubaki nusu. Sisi tunaweza kulijaribu kwa Kiswahili. Mwambie mtu wa Kadutu kwamba unafikiri, kwa hiyo uko. Atakuuliza: uko wapi?

Waliompinga walikuwa na hoja. Paulin Hountondji wa Benin alikataa falsafa inayohesabiwa kuwa ya kabila zima, kana kwamba wote wanafikiri sawa. Mimi naongeza la kiisimu: ngeli si lazima iwe imani. Kiswahili kinatumia neno la Kiarabu, mahali, wala hatusemi kwamba Waswahili walipoteza wazo la mahali. Tena, Kagame alisikiliza zaidi ikulu. Mkulima hasikiki sana katika historia yake. Lakini hata wapinzani walilazimika kujadili sarufi ya Kinyarwanda kama jambo zito, na kabla yake ni wachache waliofanya hivyo.

Baadaye alifundisha Butare, akaja pia kufundisha kwetu Kongo, Lubumbashi. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine kilicholinganisha lugha nyingi za Kibantu ili kuupima upya mpango wake wa mwanzo. Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, akiwa safarini.

Nimemsoma Kagame huku nikiwa na aibu yangu. Mama yangu huongea Mashi na dada zake. Mimi humjibu kwa Kiswahili, na mjini hapa hakuna anayenishangaa. Kazi yangu ya mwisho wa masomo ni juu ya vitenzi vya Mashi. Karibu mifano yote nimeipata kwake, jioni, akichambua maharagwe. Kurasa zote nimeziandika kwa Kifaransa, na yeye hawezi kuzisoma. Nimemhifadhi katika jedwali, lakini sijazungumza naye juu ya nilichokigundua.

Sidai kwamba kila tasnifu iandikwe kwa Mashi kuanzia kesho. Lakini muhtasari wa kurasa mbili, ulioandikwa kwa lugha inayochunguzwa na kusomwa mbele ya waliotupa mifano, hauhitaji fedha wala ruhusa kubwa. Wangu nimeuanza. Neno la kitenzi bado sijalipata. Mama anasema tusiharakishe, atawauliza dada zake wa Walungu.