Carl Akeley, mtu wa bunduki ya saruji

Mfanyabiashara wa Gatete anayepeleka mawese na kurudi na saruji iliyovuka ziwa kutoka Kigoma anaijua saruji kwa koleo na mwiko. Kwenye mahandaki ya reli na migodi mikubwa, mfuko huohuo huingia kwenye mashine, ukapita ndani ya mpira mrefu na kurushwa juu ya mwamba kwa nguvu ya hewa. Mashine ya kwanza ya namna hiyo iliundwa na Mmarekani ambaye hakuwahi kuwa mhandisi, na kaburi lake liko huku kwetu, juu ya Goma.

Carl Akeley alizaliwa mwaka 1864 huko Clarendon, jimbo la New York, mtoto wa shambani asiyesoma sana. Kazi yake ilikuwa kutayarisha ngozi za wanyama waliokufa ili wasimame kwenye makumbusho kana kwamba wako hai. Akiwa kijana alishiriki kumtengeneza Jumbo, tembo maarufu wa sarakasi aliyegongwa na treni nchini Kanada mwaka 1885. Mwaka 1896 aliajiriwa na makumbusho ya Field, Chicago, na mwaka huohuo akatumwa Somalia, ambako alirukiwa na chui aliyejeruhiwa akamuua kwa mikono mitupu. Hadithi hiyo ndiyo iliyompa jina, ingawa si kubwa kuliko ile ya plasta.

Jengo la makumbusho hayo lilikuwa limebaki kutoka maonyesho ya dunia ya 1893. Halikujengwa lidumu, na kuta zake zilimeguka hadi likawa aibu. Mkurugenzi, Frederick Skiff, alitaka zirekebishwe upesi. Akeley, aliyezoea kutengeneza miamba ya bandia kwa ajili ya wanyama wake, mwaka 1907 aliunda chombo cha kupuliza plasta kwa hewa iliyoshindiliwa. Mchanganyiko ulisafiri mkavu ndani ya mpira, ukakutana na maji mdomoni tu, pale unapotoka. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1911, na kampuni ya Allentown, Pennsylvania, ikaanza kuuza mashine hiyo kwa jina la bunduki ya saruji.

Kilichotengenezwa kupamba ukuta kikaonekana kufaa chini ya ardhi. Mwaka 1914 kilijaribiwa katika mgodi wa majaribio wa Bruceton, Pennsylvania. Sababu yake mchimbaji yeyote anaielewa. Mwamba ukilipuliwa, mawe yaliyokuwa yakishikana huanza kulegea. Jiwe dogo likitoka, kubwa lililo nyuma yake hukosa pa kuegemea. Nguzo za mbao huchukua muda kusimamishwa na huacha nafasi kati yake na mwamba. Zege lililorushwa huingia kwenye nyufa na kushika mara moja, hata likiwa na unene wa sentimita chache. Mwamba ukiwa dhaifu huongezwa wavu wa chuma na vyuma virefu vinavyopigiliwa ndani. Lakini si kazi safi. Sehemu ya mchanganyiko hudunda na kuanguka chini, hasara ambayo mwenye kununua saruji huihisi mfukoni, na ile njia kavu hutoa vumbi baya kwa mapafu. Ndiyo maana baadaye ilikuja njia ya kuchanganya na maji kabisa kabla ya kurusha.

Akeley mwenyewe hakukaa na saruji. Alihamia New York mwaka 1909, akarudi Afrika Mashariki. Mwaka 1910, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tembo alimkandamiza ardhini, akamvunja mbavu na kumchana uso. Wapagazi walidhani amekufa. Mkewe Delia alipopata habari alisafiri kupitia msituni hadi akamfikia, akamuuguza.

Mwaka 1921 alikwenda milima ya Virunga kuwaua sokwe wa milimani kwa ajili ya makumbusho ya New York. Aliwapata watano, na kazi hiyo ikamgeuza. Alirudi akimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji awape hifadhi, na mwaka 1925 ikatangazwa mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika, ambayo leo ni Virunga. Waliokuwa wakiishi na kulisha mifugo kwenye ardhi ile hawakuulizwa, na mzozo wa mipaka ya mbuga haujaisha hadi leo.

Alirudi mara ya mwisho mwaka 1926 pamoja na mke wake wa pili, Mary Jobe. Alipanda mlima akiwa tayari mgonjwa. Tarehe 17 Novemba alifariki huko Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, akazikwa papo hapo kwenye mwamba wa volkano.

Magharibi ya kaburi hilo, huko Rubaya, wachimbaji wa koltani huingia kwenye mashimo yanayoshikiliwa na miti tu, pale ambapo miti ipo, na zaidi ya mara moja udongo umewafukia. Bunduki ya saruji inataka kompresa, maji, umeme au dizeli, na mtu wa kulipia saruji. Koltani ya Rubaya hutoka kwenye mashimo hayo kwa mifuko mgongoni, ikapita mipakani.