Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Suala la Nafasi za Elimu Pwani

Kila elimu ya Pwani ya Kenya inapojadiliwa, jina la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui halikosi kutajwa. Mwanachuoni huyu alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo uliotawala mji huo hadi mwaka wa 1837 uliposhindwa na Seyyid Said. Tawi moja la ukoo lilihamia Takaungu na jingine likahamia Gazi. Mwaka wa 1895, Al-Amin akiwa bado mtoto, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na Waingereza. Mwaka uliofuata alikimbilia himaya ya Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka wa 1910. Upanga ulikuwa umeshindwa.

Silaha ya Al-Amin ikawa kalamu. Baada ya kusoma Mombasa na Unguja, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka wa 1930, na Al-Islah mwaka wa 1932. Mwaka wa 1937 aliteuliwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wakati huo wazazi wengi Waislamu waliziogopa shule za misheni, wakihofia watoto wao kubadilishwa dini. Hofu hiyo haikukosa msingi, lakini iliwaacha Wapwani nyuma ya wenzao wa bara. Al-Amin aliwahimiza watu wake wajifunze elimu ya kisasa bila kuiacha dini, wasichana wakiwemo. Lawama zake kwa wageni hazikuwafanya Wapwani wenyewe wasamehewe uzembe wao.

Alifariki mwaka wa 1947. Mwaka wa 1951 kilifunguliwa Mombasa chuo cha ufundi kilichokusudiwa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo panapozuka swali la haki: je, ni sawa kuwatengea nafasi baadhi ya watu? Anayepinga atasema kwamba alama za mtihani hazibagui. Hata hivyo, mwanawe Al-Amin, Ali, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere haikumpokea. Alifanya kazi katika chuo hicho cha Mombasa, kisha mwaka wa 1955 akafadhiliwa kwenda kusoma Uingereza. Baadaye akawa profesa katika Makerere iyo hiyo. Alama zake hazikuwa zimepima uwezo wake wote.

Kwa upande mwingine, chuo kile hakikubaki cha kundi moja: mwaka wa 1966 kiligeuzwa kuwa taasisi ya ufundi ya wote, na leo ni chuo kikuu. Kifungu cha 56 cha Katiba ya mwaka wa 2010 nacho kinaitaka serikali iyape makundi yaliyotengwa nafasi maalumu za elimu. Huko Gazi, nyumba ya Mbaruk iliwahi kutumiwa kuwa shule. Kijana wa hapo anastahili kufunguliwa mlango uliofungwa kabla hajazaliwa. Lakini, kwa mafunzo ya Al-Amin, kuingia ni kwa juhudi zake mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.