Elijah Masinde, 'kichaa' wa Kimilili

Mtaje Elijah Masinde mjini Bungoma au Kitale, hutakosa mzee wa kukusimulia. Sisi vijana wengi tunajua jina tu.

Alizaliwa Kimilili yapata 1910. Enzi zake alikuwa mwanasoka moto, akachezea Kenya katika Kombe la Gossage. Kanisa la Quaker lilimtenga alipooa mke wa pili. Ndipo yeye na wenzake wakaanzisha Dini ya Msambwa: kuomba kwa njia ya mababu, kuuheshimu Mlima Elgon na kudai wazungu warudi kwao.

Mwaka wa 1945 serikali ya kikoloni ikampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hebu fikiria! Kwa Wabukusu, kuwaenzi waliotangulia ni jambo la kawaida kama salamu, lakini kwa kipimo cha mgeni likawa wazimu. Na hasira ya mashamba yaliyotwaliwa na masetla Trans Nzoia, huo nao ulikuwa ugonjwa?

Alitoka 1947, akawaongoza wafuasi hadi Chetambe kuwatambikia Wabukusu waliouawa na Waingereza 1895. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akazuiliwa mbali na kwao zaidi ya miaka kumi. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku 1968.

Mwanasosholojia Audrey Wipper alipoandika kitabu kuihusu, 1977, hakutafuta vichaa. Aliuliza watu hawa walikuwa wanalalamikia nini. Masinde alikuwa bado hai, alifariki 1987.