Hadhrat Urwa bin Zubair na Mguu Uliokatwa

Hadhrat Urwa, Mungu amrehemu, alizaliwa Madina yapata mwaka 23 Hijria (644). Baba yake alikuwa Hadhrat Zubair bin Awwam r.a., na mama yake Hadhrat Asma r.a., binti wa Hadhrat Abubakar r.a. Basi Bibi Aisha r.a. alikuwa mama yake mdogo, na kwake alijifunza Hadithi nyingi, hata akahesabiwa miongoni mwa mafakihi saba wa Madina. Ndugu yake Abdallah aliutafuta ukhalifa, akauawa Makka mwaka 73 Hijria (692). Urwa alishika elimu.

Katika zama za Khalifa Walid bin Abdulmalik (705–715) alisafiri kwenda Shamu kumzuru. Huko akapatwa na ugonjwa wa kuoza nyama mguuni, nao ukawa unapanda. Matabibu wakaona hapana budi mguu ukatwe, la sivyo mwili wote utaharibika. Wakamshauri anywe kinywaji cha kumwondolea fahamu. Baadhi ya wapokezi husema kilikuwa pombe, wengine husema dawa ya kulevya. Alikataa, kwani hakutaka kutafuta afya kwa kilichoharamishwa, wala akili yake imtoke asimkumbuke Mola wake. Wakaletwa watu wa kumshika, nao akawakataa. Nyama ikakatwa kwa kisu na mfupa kwa msumeno, naye akileta tahlili na takbiri. Jeraha lilipochomwa kwa mafuta yachemkayo ili kuzuia damu, alizimia.

Katika safari hiyo hiyo mwanawe Muhammad aliingia zizini mwa Khalifa, akapigwa mateke na wanyama, akafa. Urwa alimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba katika viungo vyake vinne kimechukuliwa kimoja, na katika wanawe ameachiwa walio wengi. Alikuwa na desturi ya kusoma robo ya Kurani Tukufu kila siku na kuisimamia usiku katika sala. Wapokezi husema hakuiacha ila usiku ule aliokatwa mguu.

Ndugu msomaji, habari hii huhadithiwa sana, na mara nyingine hutumiwa vibaya. Kwetu Nanyala, kama kwingineko, wapo wagonjwa ambao, wakiambiwa waende Vwawa au Mbeya kupasuliwa, huogopa nusukaputi kuliko kisu chenyewe. Mmoja huogopa hataamka, mwingine kwamba atatoa siri zake usingizini, na Mwislamu huuliza sala yake itakuwaje. Hofu hizi si za kuchekwa. Lakini kumtaja Urwa ili kukataa tiba ni kumdhulumu, kwani yeye hakukataa tiba: alikubali kukatwa. Alichokikataa ni kileo cha zama zake, ambacho hakuna aliyeweza kukipima sawasawa.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki kileo kilitumika hivyo. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin aliona huko Bunyoro mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe, akiwa amelewa nusu kwa mvinyo wa ndizi na kufungwa kitandani kwa nguo za magome ya miti. Mama na mtoto wote wakapona. Wakati huo etha ilikuwa imekwisha kutumika hadharani Boston tangu mwaka 1846.

Siku hizi mtaalamu wa usingizi hukaa na mgonjwa muda wote, akiangalia pumzi na mapigo ya moyo. Mgonjwa hukatazwa kula kabla ya kupasuliwa ili chakula kisipande na kuingia mapafuni. Basi asiseme uongo kama amekula. Na aulize kila linalomtia hofu kabla hajalala, maana ni haki yake. Ama sala, kwa maoni yangu yeye ni kama mtu aliyepitiwa na usingizi: akiamka husali. Mafakihi wa baadaye nao waliruhusu dawa ya kuondoa fahamu pale kiungo kilichooza kinapohitaji kukatwa.

Urwa alirejea Madina, akaishi kwenye bonde la Akiki, ambako kisima chake kilisifika kwa maji matamu. Alifariki yapata mwaka 94 Hijria (713), mwaka ulioitwa mwaka wa mafakihi kwa wingi wao waliofariki ndani yake.